Kolini kwa Binti Yangu

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Nimefundisha Nyakato, hapa Mwanza, kwa miaka kumi na sita, katika shule ambayo ukisimama mlangoni unasikia mashine za viwandani zaidi kuliko unavyoisikia kengele yetu. Watoto wa vibarua, wa mafundi, wa mama lishe, wote wamepita mikononi mwangu, na karibu wote wameondoka wanajua kusoma. Walimu wenzangu walikuwa wakiniletea walioshindikana. "Mpeleke kwa yule Mhaya," walisema, "atasoma tu." Mtoto mmoja ndiye aliyenishinda kabisa, na huyo nilimzaa mwenyewe.

Nilikuwa na mimba yake ya miezi miwili, sijamwambia mtu isipokuwa mume wangu, nilipopigiwa simu kwamba mama yangu amefariki ghafla huko Muleba. Mama ndiye aliyenisomesha. Aliuza kahawa, akauza ndizi, hadi nikamaliza chuo cha ualimu pale Butimba. Nilikwenda kumzika nikiwa na macho makavu. Siku tatu nilikaa matangani kama mgeni, watu wananitazama wakisubiri nilie. Siku ya nne shangazi yangu alinijazia kikombe cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. "Kunywa," aliniambia, "koo lifunguke." Nilikunywa, na kweli nikalia mpaka nikashikwa na kwikwi.

Niliporudi Mwanza sikuweza kulia bila kunywa, na nilikuwa bado na machozi mengi. Wakati ule viroba vilikuwa havijapigwa marufuku. Pombe kali ziliuzwa katika vipakiti vya plastiki, kila kioski, karibu na pipi. Kipakiti kimoja kiliingia vizuri katika mkoba wangu, kati ya boksi la chaki na daftari la mahudhurio. Nilikunywa mchana baada ya vipindi, nimejifungia chooni, kisha nikatafuna karafuu. Kimoja, baadaye viwili. Jumapili baada ya ibada, hata vinne. Sikuwahi kupepesuka. Sikuwahi kukosa kipindi. Kama mtu angeniambia mimi ni mlevi ningemcheka, maana mlevi nilimjua: yule mzee aliyekuwa akilala kwenye mtaro pale njia panda.

Kliniki nilihudhuria bila kukosa. Walinipima damu, wakanipima presha, wakanipa chandarua na vidonge vya kuongeza damu. Muuguzi alinisisitiza nisiache hata kimoja, na sikuacha. Siku nyingine nilikimeza kwa kiroba.

Mimba ilipofika miezi sita tulikwenda Kisesa kumsalimia mama mkwe wangu. Alikuwa mjane, mkulima, mwanamke mrefu mwenye vidole vigumu kama mizizi, na kwa lafudhi yake ya Kisukuma aliniita Mwarimu. Siku hiyo alikuwa amepika pombe ya mtama kwa ajili ya watu waliomsaidia kuvuna. Alinichotea kata nzima. "Kunywa, Mwarimu. Mtoto apate nguvu, na maziwa yaje." Nilikunywa mbele yake bila kificho, nikafurahi kwamba kwa mara moja sijajifungia mahali.

Binti yangu alizaliwa mdogo, mdogo mno. Mdomo wake wa juu ulikuwa mwembamba, na ule mfereji unaoshuka kutoka puani kwenda mdomoni, ambao kila mtu anao, kwake haukuonekana. Pale palikuwa laini kabisa. Mimi niliona ni uzuri wake wa peke yake. Nilimbusu pale kuliko mahali pengine popote. Alipofikisha miezi mitatu niliacha kunywa. Hakuna aliyenisaidia, kwa sababu hakuna aliyejua. Nilitetemeka wiki nzima nikasema ni malaria.

Alichelewa kutembea, akachelewa kusema. Lakini alikuwa mtoto wa furaha. Alimkumbatia kila mtu, fundi wa maji, muuza maziwa, mgeni aliyepotea njia. Mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha minofu ya samaki, alikuwa akirudi anamkuta ameshika nguzo ya mlango anamsubiri, na alimbeba mabegani kabla hata hajavua mabuti. Tulikuwa na furaha miaka ile. Nalisema hili kwa sababu baadaye nilijaribu kuisahau, na si haki.

Akaingia darasa la kwanza, darasa langu. Siku ya Jumatatu aliijua a, akaijua e, akaijua i. Jumanne asubuhi alizitazama ubaoni kama mtu anayetazama barua ya kigeni. Nilianza upya. Jumatano alizijua, Alhamisi zimeondoka. Wenzake walifika ba be bi bo bu, wakafika kwenye sentensi, mimi na yeye bado tuko kwenye a. Nyumbani nilimwandikia kwa mkaa ukutani, nilimfinyangia udongo, nilimwimbia. Zilikuwa mbinu zote nilizowafunza walimu wengine.

Mwezi wa tano nilimchapa. Nilimsimamisha mbele ya ubao, nikamwuliza hii ni herufi gani, na alinitazama usoni, si ubaoni, akitafuta jibu machoni pangu. "Umeijua jana!" nilimwambia. Akatabasamu. Nilidhani ananidharau. Nilimchapa miguuni mbele ya watoto themanini, fimbo baada ya fimbo. Hakukimbia. Alipomaliza kulia alikuja akanikumbatia kiunoni, kwa sababu ndivyo alivyofanya kila alipolia, hata kama aliyemliza ndiye huyohuyo.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kukaa nasi wiki ile. Jioni alipomwogesha mjukuu wake aliiona miguu. Hakupandisha sauti.

"Mwarimu, amefanya nini?"

"Hataki kujifunza, Mama."

"Hataki?" Alikuwa anampaka mafuta taratibu. "Mimi huku nimemtuma chumvi mara tatu leo. Mara tatu amekwenda mbio, akasimama katikati ya uwanja, hajui amefuata nini. Huyu si wa fimbo. Mpelekeni hospitali."

Tulimpeleka hospitali kubwa ya rufaa, mimi na mume wangu. Baada ya kuzungushwa wiki kadhaa tulifikishwa kwa daktari wa watoto, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Alimpima kichwa, akamtazama uso kwa muda mrefu, akamwambia arudie maneno, apange vibao vya rangi. Kisha akanigeukia.

"Mama, wakati wa ujauzito ulikuwa unatumia kilevi chochote? Bia, gongo, pombe ya kienyeji?"

Mume wangu alikuwa amekaa pembeni yangu, binti yetu amelala mapajani mwake.

"Hapana, daktari," nilisema.

Aliandika. Akatupangia vipimo vingine, vya tezi, vya masikio, vya damu. Tulizunguka navyo miezi miwili na vyote vilikuwa vizuri, na kila karatasi ilipotoka mume wangu alisema, "Mungu mkubwa," nami nilijua kwamba tunatafuta jibu ambalo mimi mwenyewe nimelifungia mlango.

Nilirudi kwa daktari peke yangu. Sikukaa hata kwenye kiti. Nilimwambia nilikunywa, nikamwambia nini, na kiasi gani, na mpaka lini. Nilitaka anifokee. Aliiweka kalamu mezani, akaniambia, "Asante kwa kurudi. Wengi hawarudi." Halafu akanieleza. Pombe ilivuka kwenda kwa mtoto kila nilipokunywa, na ubongo uliokuwa unajengwa ulijengwa nayo. Si uvivu, si ukaidi, si mkosi wa mtu. Ni kumbukumbu isiyoshika, na akili inayochoka upesi. Haina dawa ya kuiondoa.

"Hakuna kabisa?" niliuliza.

Alisita. Sasa nadhani alijuta kusita kwake. Alisema kuna kirutubisho kiitwacho kolini, ambacho mwili hukitumia kujenga ubongo na kumbukumbu. Kimo kwenye mayai, maini, samaki, maharage. Watafiti wa nje wamejaribu kuwapa watoto wadogo waliopata madhara kama ya binti yangu, na kwa wale wadogo sana, wa miaka miwili, mitatu, kumeonekana dalili za kusaidia. "Lakini wako ana miaka saba, mama. Kwa umri huu hatujaona kwamba kinasaidia. Mpe mayai, mpe chakula kizuri, mtafutie shule inayomfaa. Sitaki uweke matumaini yako yote kwenye kopo."

Mimi nilisikia neno moja tu. Njia nzima ya kurudi nyumbani nililitamka, kolini, kolini, kama mtoto anayejifunza silabi.

Ilichukua majuma mengi kuipata. Mwalimu mwenzangu alikuwa na ndugu Nairobi, naye akatuma kopo jeupe lenye unga ndani na kijiko kidogo cha kupimia. Daktari alikubali kwa shingo upande, akaniandikia kipimo: kijiko kimoja asubuhi, baada ya chakula. Nyumbani nilisema ni vitamini ya akili. Nilikuwa naukoroga kwenye uji. Ulikuwa na uchungu wa chumvi, na binti yangu alikunja uso lakini alimaliza, maana alipenda kunifurahisha.

Wiki ya kwanza nilidhani ameanza kukumbuka. Alilijua jina la mchungaji wetu siku mbili mfululizo. Nikaongeza kijiko cha pili jioni. Nilijiambia, kama nilimpa sumu kwa wingi, dawa nayo isiwe ya kupimwapimwa. Baadaye vikawa vitatu, kisha vinne.

Harufu ilianza kidogokidogo. Mwanzoni nilidhani ni mume wangu, na nguo zake za kiwandani. Nilizitenga nikazifua peke yake. Haikuondoka. Ilikuwa harufu ya samaki aliyekaa juani, na ilitoka kwenye shingo ya binti yangu, kwenye nywele, kwenye shuka. Hata jasho lake. Hapa kwetu harufu ya samaki iko kila mahali, sokoni, mwaloni ziwani, jikoni, na mtu angedhani haitaonekana. Lakini watoto walijua kwamba hii inatoka kwa mtu. Walimwita Dagaa. Walihama dawati lake. Nilimwogesha mara tatu kwa siku, kwa sabuni ya miti, kwa ndimu, kwa magadi, na unga niliendelea kumpa, sikuuhusisha. Au niliuhusisha nikaamua kutojua. Sina hakika tena.

Jumamosi moja nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye beseni, anajisugua mikono kwa kipande cha tofali. Ngozi ilikuwa imechubuka mpaka kwenye kiwiko, maji yamekuwa mekundu. Nilimnyang'anya tofali.

"Unafanya nini?"

"Natoa samaki," alisema.

Nilimfunga michubuko ya mikono kwa khanga. Alinitazama usoni kwa yale macho yake madogo.

"Mama, nikinywa dawa yako yote mpaka iishe, utaacha kunikasirikia?"

Nilimbeba nikamwingiza ndani, na Jumatatu nikampeleka kwa daktari.

Daktari alipoona mikono yake, na kusikia idadi ya vijiko, ndipo kwa mara ya kwanza alikasirika. Alisema kolini ikizidi, mwili hutoa harufu ya samaki. Ni jambo linalojulikana, alisema, na nilipaswa kumpigia simu. "Unamtibu yeye au unajitibu wewe?" aliniuliza. Tuliacha unga. Harufu ilikwisha baada ya siku chache. Jina la Dagaa halikwisha.

Jioni ileile tuliyotoka kwa daktari nilimwambia mume wangu. Alikuwa uani anaanika shati. Nilimwambia kila kitu, viroba, choo, karafuu, ule uongo mbele ya daktari. Alisikiliza mpaka mwisho ameshika kibanio.

"Vile vipimo vyote," alisema. "Ile miezi yote. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Mama yangu anajua?"

"Hapana."

"Usimwambie."

Hakunipiga, hakunitukana. Aliendelea kumbeba binti yake mabegani. Ila mimi hakunitazama tena vilevile, na baada ya miezi michache aliomba kazi kwenye kiwanda kingine Musoma. Anakuja mwisho wa mwezi na zawadi za mtoto. Tunaongea vizuri, kama majirani.

Lile la kutomwambia mama yake sikulitii. Mama mkwe alikuwa ameanza kuleta mayai kutoka Kisesa kila wiki, trei nzima, kwa kuwa nilimwambia daktari amesifu mayai. Alikuwa akishuka na trei lake amelikumbatia kama mtoto, na mimi nilishindwa kulipokea. Siku moja nilipiga magoti mbele yake nikamwambia. Nilingoja laana.

"Mwarimu," alisema, "na ile kata yangu? Ile niliyokuchotea mimi, nayo ilifika kwa mtoto?"

Nilipaswa kusema hapana. Daktari nilimdanganya pale ukweli ulipohitajika. Huyu bibi, ambaye uongo mmoja ungemponya, nilimpa ukweli.

"Sijui, Mama. Huenda ilifika."

Alijifunika uso kwa upande wa khanga yake. Alikuwa ametoa kwa upendo kile alichopewa na mama yake na bibi yake. Hakupika tena pombe. Majirani walipokuja kumsaidia mavuno aliwapa togwa isiyolevya, wakalalamika, na mwaka uliofuata walikuja wachache. Kila alipofika kwetu alimketisha mjukuu wake kati ya magoti, akasema naye kwa Kisukuma maneno ambayo mimi sikuyafahamu vizuri, na binti yangu akicheka kwa sababu nywele za bibi zilimtekenya. Alifariki msimu wa mvua uliopita, kwa presha. Kule msibani ndugu zake walisema alikuwa na jambo moyoni miaka hii ya mwisho, hawakujua ni nini.

Binti yangu sasa ana miaka kumi na moja. Yuko shule nyingine, kwenye kitengo cha elimu maalumu, na mwalimu wake ni mvumilivu kuliko mimi. Anaandika jina lake siku nyingi, si zote. Anajua kusuka ukili wa mikeka vizuri, mikono yake inakumbuka kile ambacho kichwa hakishiki. Namwogopea. Bado anamkumbatia kila mtu, na mwili wake unaanza kuwa wa msichana.

Mwaka huu tulikuwa na sherehe ya kumuaga mwalimu mkuu. Mwalimu mmoja kijana, mjamzito, alikuwa na chupa ya bia mkononi. Nilimvuta pembeni nikamwambia mambo haya, si kwa mafumbo. Aliisikiliza habari yote, akaiweka chupa chini, akarudi kukaa meza nyingine mbali nami. Jumatatu ofisi nzima ilijua. Wiki hiyohiyo wazazi walijua, na watoto wa mtaa wetu nao.

Alhamisi binti yangu alirudi kutoka shule akasimama mbele yangu jikoni, nilipokuwa nachambua mchicha.

"Mama, ni kweli ulininywesha pombe tumboni?"

Nilizima jiko. Nilimkalisha, nikamwambia kwa maneno mafupi anayoyaelewa. Kwamba nilikunywa. Kwamba ndiyo maana mambo yanamtoka kichwani. Kwamba kosa ni langu, si lake, na sikumkasirikia hata siku moja kwa kosa lake. Alifikiri sana, akakunja paji la uso kama anavyofanya akihesabu. Kisha akanizungushia mikono shingoni.

"Pole, mama," akasema.

Nililia kama nilivyolia Muleba, ila safari hii bila kikombe. Nilidhani jambo limefika mwisho.

Asubuhi aliamka anaimba, hana habari. Jumapili, tukitoka kanisani, aliniuliza tena, ni kweli ulininywesha pombe tumboni, kwa sauti ileile ya mtu anayeuliza kwa mara ya kwanza. Watu walikuwa karibu. Nilimjibu. Akanipa pole. Ameniuliza mara tano mpaka leo, nami nimemjibu mara tano, na kila mara ananikumbatia, na siku inayofuata sijui kama bado ninao msamaha wake au umekwenda na zile herufi zake.